Flashi na memori kadi za kwenye gari (hata gari la umeme): jinsi ya kuchagua na kuiseti usije ukaumbuka kama mimi



Leo naweka somo refu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, lisevu kabisa ukasome baadaye. Kwa wasionijua, mimi nilimaliza form four, chuo sikwenda. Nashinda kwenye kompyuta: nawawekea madereva nyimbo kwenye flashi, naprinti barua, na usiku naandika humu. Nilijiona mtaalamu wa flashi mpaka yaliponikuta haya.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anakaa huku kwetu Korogwe. Ana kagari ka umeme, Nissan Leaf iliyotumika, ya Japani. Msishangae. Usafiri wa umeme sio hadithi tena: treni ya SGR Dar mpaka Morogoro ilianza kubeba abiria Juni 2024, na Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yapo barabarani tangu 2022. Mzee anachaji nyumbani usiku, asubuhi anakwenda Handeni kwa wakwe zake, kilomita 65 za lami, anachaji kule anaongea na shemeji zake, jioni anarudi. Injini haina sauti, mbuzi wanashtuka ameshafika.

Sasa mzee akanunua ile kamera ya kubandika kwenye kioo cha mbele, inayorekodi njia nzima. Akaja kwangu: "Mwanangu, nitafutie memori kadi ya hii kitu, na flashi ya taarabu."

Nikamtafutia. Micro SD imeandikwa GB 64, kampuni kubwa, pakiti inang'aa, bei ya kutupa. Nilipoichomeka kwenye kompyuta ikasoma GB 59, safi. Nikaiweka kwenye kamera, tukarekodi dakika mbili pale nje, ikacheza vizuri. Mzee akanipa na hela ya soda.

Wiki ya pili, mzee anarudi kutoka Handeni, mbele ya Misima anakata kulia aingie njia ya vumbi, bodaboda aliyekuwa ana-overtake akampiga mlango wa kulia. Kijana akaumia mguu. Bodaboda wakajaa kama siafu: mzee hukuweka indiketa! Mzee anasema niliweka. Akawatuliza kwa upole kabisa, jamani msigombane, kamera ipo, ina sauti pia, ile tik-tik ya indiketa itasikika.

Kituoni wakatoa kadi, wakaweka kwenye laptop. Mafaili yapo yote, majina yapo, saa ipo, ukubwa upo. Ukifungua, hakuna kitu. Yote ya siku ile na ya juzi yake, matupu.

Mzee akalipa matibabu na matengenezo ya pikipiki, laki tatu na nusu, pensheni ile. Nani alikuwa na kosa mpaka leo hajulikani, na mimi simsemi yule kijana maana hata yeye kamera ingeweza kumtetea. Ila kadi nilimchagulia mimi.

KADI FEKI INAFANYAJE KAZI

Hii ndio sehemu nataka muielewe hata kama mtaruka nyingine. Ndani ya kila flashi na memori kadi kuna vitu viwili: chipu ya kuhifadhi, na kidubwasha kingine kinachoiongoza, ndicho kinachoongea na kompyuta. Wachakachuaji wanachukua chipu ya GB 8, halafu wanakiprogramu kile kiongozi kidanganye kwamba zipo 64. Kompyuta haina njia ya kujua, inaamini inachoambiwa. Ndio maana niliona GB 59.

(Na hiyo 59 yenyewe sio kasoro. Kiwandani GB 1 ni baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu kwa njia nyingine, kwa hiyo 64 halisi inaonekana 59 na kitu, 32 inaonekana 29 na kitu. Usigombane na muuza duka kwa hilo.)

Ukiandika GB 8 za kwanza, kila kitu kinakaa vizuri. Ukizidisha, data inatupwa hewani au inaandikwa juu ya ile ya zamani, lakini orodha ya majina inabaki nzuri kabisa. Kamera inayorekodi Full HD inakula kama MB 100 kwa dakika, yaani karibu GB 6 kwa saa. Piga hesabu: Korogwe–Handeni ni kama saa moja. Safari ya kwanza ilikuwa salama, kwenye ya pili kadi ikajaa kimya kimya. Tangu hapo mzee alikuwa anaendesha na kamera kipofu, taa yake nyekundu inawaka. Na mimi niliijaribu kwa dakika mbili!

KUIPIMA

Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, ya Windows, haihitaji hata kuinstall. Inajaza kadi yote mwanzo mpaka mwisho, halafu inasoma tena kila kitu kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichomo. Lugha yake ya kwanza ni Kijerumani, chagua Kiingereza pale juu. Kadi iwe tupu, chagua ipime nafasi yote. Ikikwambia imemaliza bila makosa, kadi ni nzima. Ikitoa maandishi mekundu, rudisha dukani siku hiyo hiyo. Wanaotumia Linux au Mac, yenu inaitwa F3.

Tatizo ni muda. Kadi inayoandika MB 10 kwa sekunde, GB 64 itachukua karibu saa moja na dakika hamsini kuandika tu, bado kusoma. Kwa bei ya kafe utalia. Mimi siku hizi naacha inapima usiku, mteja anafuata asubuhi. Mwenye haraka namwambia akanunue kwingine, na wanakwenda kweli.

Kubaliana na muuzaji kabla ya kutoa hela: nikipima ikawa feki narudisha. Akinuna, umeshapata jibu bila kupima.

IPI INAFAA

Hadi diski ya kawaida, ile ya kuzunguka, sahau. Ndani kuna sahani inazunguka na kichwa kinachoelea juu yake bila kuigusa. Ukishatoka kwenye lami ukaingia njia za vijijini kule Handeni, shimo moja tu linatosha kukigongesha. Halafu inataka umeme mwingi: tundu la USB 2.0 kikawaida linatoa miliampia 500 tu, diski nyingine hazitosheki, zinabaki zinalia tii, tii, tii.

SSD ya nje haina kitu kinachozunguka, inavumilia mitikisiko, ni nzuri sana kama bei sio tatizo.

Flashi ya kawaida kwa muziki inatosha. Kwa kamera hapana, labda kwa muda. Sababu ni kwamba kamera inaandika mfululizo, ikijaa inafuta za zamani na kuandika upya, na chipu hizi zina idadi ya mara zinazoweza kuandikwa kabla ya kuchoka. Kwa kamera tafuta kadi yenye neno Endurance kwenye jina lake, zimetengenezwa kwa kazi hiyo na joto. Na joto la Korogwe mnalijua, gari likiegeshwa juani saa nane mchana, kamera pale kwenye kioo inakaangwa. Angalia pia alama ya V30 iliyochapwa kwenye kadi, maana yake haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde wakati wa kuandika. Class 10 ni MB 10, kwa kamera moja inatosha.

Ukubwa? GB 64 kwa mahesabu ya pale juu ni kama saa kumi za safari kabla haijaanza kujifuta. Kwa mtu wa Korogwe–Handeni inatosha. Ila soma kitabu cha kamera, nyingine mwisho wake GB 32.

KUFOMATI

Hapa ndipo wengi wanakwama, wananiambia flashi mbovu kumbe fomati tu. Redio nyingi za magari haya ya Japani zinasoma FAT32. Haipokei faili moja linalofika GB 4, lakini kwa nyimbo hilo halikuhusu. Na Windows kwa miaka mingi imegoma kufomati FAT32 kwenye kitu kinachozidi GB 32, haikupi hata chaguo hilo. Ama nunua flashi ya 32 uishie hapo, ama tumia programu ya Rufus ambayo haina ubishi huo.

exFAT ni ya flashi na kadi kubwa, haina kikomo kile cha GB 4. Kadi za kuanzia GB 64 zinatoka dukani zikiwa hivyo. NTFS iache kwenye kompyuta.

Kwa kamera, ukishamaliza kupima, usifomati kwenye kompyuta. Rudisha kadi kwenye kamera, ingia menyu, ifomati yenyewe. Inajua inataka nini.

Tahadhari ya kafe: kompyuta nyingi za kulipia zina ile virusi inayogeuza mafolda yako kuwa shotikati. Mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu, lakini redio ya gari haitayaona. Na kabla ya kuchomoa, toa kwa usalama pale chini kulia. Najua mnacheka, ila ukichomoa wakati inaandika unaua orodha nzima ya mafaili.

WADAU WA UGHAIBUNI WENYE TESLA

Mimi sijawahi kuiona Korogwe, lakini mpo mnaosoma kutoka nje na mmeniuliza. Tesla ina kamera zake tayari, wewe unaleta sehemu ya kuhifadhia tu. Kampuni inataka isiyopungua GB 64, iandike angalau MB 4 kwa sekunde mfululizo. Fomati exFAT, NTFS haisomi. Weka folda linaloitwa TeslaCam, hivyo hivyo bila nafasi katikati, lisiwe ndani ya folda lingine. Au iache gari lenyewe lifomati kupitia skrini, litaliunda folda. Kwenye matoleo yenye tundu la USB ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria, chomeka humo. Muziki weka kwenye flashi nyingine. Kitu kimoja: rekodi za kamera zake hazina sauti, kwa hiyo ile tik-tik ya mzee isingesikika.

MAMBO MAWILI KABLA SIJATOKA

La kwanza ni la magari ya umeme. Watu wanadhani kwa vile betri ni kubwa basi kamera inaweza kuwaka usiku kucha. Kamera, redio na taa zinatumia betri ndogo ya volti 12, kama gari lolote. Ukiunga kamera moja kwa moja ikarekodi gari likiwa limeegeshwa, ile ndogo inakwisha, na ikiisha gari haliamki hata kama kubwa imejaa asilimia mia. Mzee tumeiunga kwenye waya unaokata gari likizimwa.

La pili: ile SD kadi iliyokuja na redio yenye maandishi ya Kijapani USIICHOMOE kwenda kuweka kwenye simu. Ni kadi ya ramani. Redio nyingi za Toyota bila kadi hiyo zinagoma kabisa, au zinagoma siku fundi akitoa betri, skrini inabaki Kijapani tupu. Jamaa mmoja wa Noah pale Manundu aliifomati akaweka bongo fleva. Mpaka leo anaimba mwenyewe.

Mzee nilimnunulia kadi nyingine kwa hela yangu, nimeipima usiku mzima, haina kosa. Ile laki tatu na nusu sijui nitaifidiaje, taarabu namwekea bure. Kila mwisho wa mwezi anapita, natoa kadi, tunafungua mafaili matatu manne ya katikati na ya mwisho, sio ya kwanza, tunaona kama yanacheza.

Mwenye swali aandike hapo chini, ataje na aina ya gari na ya redio.