Tatu na Kosa la Kifaransa

Wandugu, sura ya Che Guevara tunaivaa kwenye tisheti, lakini kile aliandika juu ya Kongo yetu ni wachache wamekisoma. Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akafika Kibamba, upande wa Fizi. Jina lake la vita lilikuwa Tatu, kwa Kiswahili chetu. Novemba akarudi ng'ambo, vita imemshinda.

Ndipo akajifungia ubalozi wa Cuba, Dar es Salaam, akaandika. Wengine aliwalaumu, ndiyo: Kabila aliyekuja Kibamba akakaa siku chache tu, wapiganaji waliokimbia kule Bendera. Lakini mwishoni anajigeukia mwenyewe, na hapo njo mimi nilisimama kusoma. Anakiri kwamba Kiswahili hakukitia bidii. Kifaransa alikijua, kilimtosha kuongea na wakubwa. Askari wa chini wakabaki mbali naye.

Kwangu ukurasa ule ni mzito kupita hesabu yote ya silaha. Sisi wenye diplome, mikutano yetu tunaifanya kwa lugha gani? Na maandamano yakishindwa, ripoti yetu inasema nini zaidi ya "adui alikuwa na pesa"?

Kuchelewa nako kuna bei yake. Kitabu kizima kilitoka 1999, kwa Kihispania, miaka zaidi ya 30 baadaye. Wakati ule Kabila alikuwa tayari rais, kule Kinshasa.