Miko Rwayitare na Thamani ya Simu Moja

Mtu apitaye Kiyovu, katika mji wa Kigali, hawezi kuipita Hoteli ya Mille Collines bila ya kuitazama. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1973, ikiwa mali ya shirika la ndege la Ubelgiji, Sabena, na kwa miaka mingi ilikuwa mahali pa wageni na wakubwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya 1,200 walikimbilia humo. Walipokatiwa maji, walikunywa yale ya bwawa la kuogelea. Walipokatiwa simu, ulibaki waya mmoja wa faksi ambao wauaji hawakuutambua. Kwa waya huo waliomba msaada Ulaya, na dunia ikajua kwamba wangali hai.

Mwaka 2005 hoteli hiyo ilinunuliwa na Mnyarwanda, Miko Rwayitare. Huyu alikuwa mtu aliyeijua vyema thamani ya simu, kwani kazi ya maisha yake ilikuwa kuwauzia Waafrika mawasiliano.

Rwayitare alizaliwa Rwanda mwaka 1942, akasomea uhandisi Ujerumani, kisha akafanya kazi Zaire. Mwaka 1986, yeye na mhandisi wa Kimarekani, Joseph Gatt, waliunda kampuni ya Telecel mjini Kinshasa. Simu za waya za serikali zilikuwa zimechakaa, hata mwenye shauri la haraka upande wa pili wa mji alilazimika kumtuma mtu na barua. Kidole kimoja hakivunji chawa: mmoja aliijua nchi na watu wake, mwingine aliijua mitambo.

Wakati huo ni wachache walioamini kwamba simu isiyo na waya ingekuwa kitu cha watu wengi. Hata Marekani kwenyewe, katika miaka ya 1980, kampuni ya AT&T ilishauriwa kwamba ifikapo mwaka 2000 wateja wa simu hizo wasingefika milioni 1. Mwaka huo ulipofika, walikuwa wamezidi milioni 100. Ikiwa mabingwa wa Marekani walikosea kiasi hicho kuhusu nchi yao wenyewe, basi nani alikuwa na haki ya kuihukumu Afrika?

Hata hivyo, haifai kumsifu mtu kwa kuficha upande mmoja wa habari zake. Wateja wa kwanza wa Telecel walikuwa mawaziri na wakubwa wa utawala wa Mobutu, na bei ilikuwa ghali mno. Mwananchi wa kawaida aliiona simu ile mkononi mwa mkubwa tu, naye akaendelea kutembea kwa miguu kupeleka habari za msiba.

Kampuni ilienea hadi nchi nyingine, zikiwamo Burundi na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 2000, Orascom ya Misri ilinunua asilimia 80 ya hisa zake kwa dola milioni 413. Mwaka 2001 Rwayitare alinunua shamba la mizabibu la Mont Rochelle, huko Franschhoek, Afrika ya Kusini, katika nchi ambamo mtu mweusi alizoea kuingia shamba la namna hiyo kama kibarua. Alifariki mwaka 2007.

Ndugu wasikilizaji, Kiyovu nayo ilikuwa na pande mbili: Kiyovu ya matajiri na Kiyovu ya maskini. Mwaka 2008 nyumba za maskini zilibomolewa, na baadhi ya wenyewe wakahamishiwa Batsinda. Hapo ndipo lilipo swali ambalo kila tajiri wa Afrika hana budi kulijibu. Je, utajiri wake umejenga ukuta, au umefungua njia?

Kwa upande wa simu, njia ilifunguka, ingawa ilichukua miaka mingi na ushindani wa makampuni mengi. Leo mama auzaye ndizi sokoni hupokea fedha zake kwa simu, wala hahitaji kumjua waziri. Kitu kilichoanza kama pambo la wakubwa kimekuwa chombo cha kazi cha wanyonge. Nasi tuliosikia habari za waya ule mmoja wa Mille Collines tunajua kwamba simu si anasa. Saa ya hatari, ni uhai wa mtu.