Kabureta ya Land Rover ya zamani: Jinsi ya kuisafisha na kuiseti

Kabla ya lami na Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, njia ya Mtwara kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya Land Rover. Wapo wanaozitunza 109 zao za petroli mpaka leo, hasa Series III (1971 hadi 1985) zenye kabureta ya Zenith. Huku pwani adui yake mkubwa ni unyevu na chumvi.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya: kilo 1 ya petroli kwa takriban kilo 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, gari linatoa moshi mweusi na kula mafuta. Ikipungua, linapiga misi, linakosa nguvu, na valvu za ekzosi zinaweza kuungua.

Usiisingizie kabureta

Angalia kwanza plagi, pointi za distribyuta, taimingi, tapeti na filta ya hewa. Kisha tazama kikombe cha kioo kwenye pampu ya mafuta. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo utayaona yametulia chini. Ukiyakuta, yamwage na usafishe njia ya mafuta, la sivyo kabureta itachafuka tena.

Kuifungua na kuisafisha

1. Fanya kazi nje, injini ikiwa imepoa. Toa waya wa hasi wa betri. Hakuna sigara wala moto karibu.

2. Piga picha kwa simu kila hatua. Itakusaidia wakati wa kurudishia.

3. Unga mweupe ndani ya bakuli ni kutu ya maji na chumvi. Usafishe kwa dawa ya kabureta na brashi laini.

4. Jeti zipulize kwa upepo wa kompresa, macho yakiwa na miwani. Usichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka kidogo tu, gari litakula mafuta na hakuna skrubu itakayorekebisha hilo.

5. Tikisa boya sikioni. Ukisikia petroli ndani, limetoboka. Badilisha.

6. Badilisha gasketi na oringi zote. Kwenye Zenith, oringi ndogo iliyochoka inatosha kuharibu sailensa.

7. Weka kifuniko juu ya kioo. Kikicheza, kimepinda. Kukaza skrubu zaidi kunakipinda zaidi. Tandika msasa laini juu ya kioo hicho, ukisugulie hapo taratibu mpaka uso ulale sawa.

Kuiseti

Kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse, kisha irudishe nyuma mzunguko mmoja na nusu. Usiibane kwa nguvu, ncha yake itaharibika.

Washa injini mpaka ipate moto. Kaza skrubu hiyo kidogo kidogo mpaka injini ianze kusita, halafu ifungue mpaka itulie na kuzunguka vizuri. Sasa weka sailensa sawa kwa skrubu yake, kisha rudia mara moja zaidi.

Endesha gari safari ya kawaida, halafu lipoe na utoe plagi. Rangi ya kahawia au kijivu ni nzuri. Masizi meusi makavu maana yake petroli imezidi. Nyeupe maana yake imepungua.

Isiharibike tena

Usiliache gari wiki nyingi bila kuliwasha. Petroli iliyolala inaacha utando kama gundi unaoziba jeti. Tangi nalo lisikae karibu tupu, maana hewa ya pwani ina unyevu na maji hujikusanya humo.

Ukiambiwa utupe kabureta ya asili ununue ya bei rahisi, angalia kwanza kifuniko, boya na oringi. Mara nyingi ugonjwa uko hapo, na dawa yake ni kifurushi cha gasketi tu.