Barolo na Ukakasi Unaosubiriwa

Aprili 1787, miaka kumi na minne kabla ya kuwa rais wa Marekani, Thomas Jefferson alipita mjini Torino, kaskazini-magharibi mwa Italia, akaonja mvinyo mwekundu wa zabibu za Nebbiolo. Aliandika kwamba ulikuwa mtamu, una ukakasi mdomoni, tena unatoa mapovu kama shampeni. Mnywaji wa leo angeshangaa. Barolo, mvinyo maarufu kuliko yote ya zabibu hizo, hauna sukari wala mapovu, na watu huuweka chini ya ardhi miaka ishirini au zaidi kabla ya kung'oa kizibo.

Utamu ule ulitokana na hali ya hewa. Nebbiolo imetajwa katika maandishi ya Piemonte, mkoa wa Torino, tangu 1268, na wengi hulihusisha jina lake na neno la Kiitaliano la ukungu. Katika vilima vya Langhe, mzabibu huu huwahi kuchipua lakini huchelewa kuiva. Mara nyingi huvunwa Oktoba, ukungu ukiwa umetanda mabondeni. Zamani zabibu zilipofika ghalani, baridi nayo ilikuwa imeingia. Chachu ililala kabla ya kuimaliza sukari, na joto liliporudi ikaamka tena. Mapovu ya Jefferson huenda yalianzia hapo.

Ukakasi ndio uliobaki. Aliyewahi kula bibo la mkorosho anajua ulimi unavyokunjamana. Kinachofanya hivyo ni tanini, na Nebbiolo imejaliwa nayo kwa wingi, pamoja na uchachu mkali. Ajabu ni kwamba rangi yake si nzito. Kadiri miaka inavyopita ndani ya chupa, tanini hulainika, wekundu huelekea rangi ya matofali, na harufu inayosifiwa zaidi huanza kujitokeza: lami na waridi lililokauka. Mvinyo usio na ukakasi huu wala uchachu huu hauna cha kuupeleka mbali.

Nani aliufundisha kuchachuka hadi mwisho? Kwa muda mrefu sifa zilimwendea Giulia Falletti, mwanamke wa Kifaransa aliyeolewa na Carlo Tancredi, markizi wa mwisho wa Barolo. Ilisimuliwa kwamba alimwita Louis Oudart, mfanyabiashara wa mvinyo kutoka kwao, naye akawaonyesha Waitaliano namna ya kuutengeneza. Ni simulizi tamu, ila watafiti wa karibuni wameipinga, na hoja yao ina uzito. Wanamtaja Paolo Francesco Staglieno, mwanajeshi wa Piemonte aliyechapisha mwongozo wa kutengeneza na kuhifadhi mvinyo mwaka 1835. Staglieno alifanya kazi Grinzane, kwenye mashamba ya familia ya Camillo Cavour, yule yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana. Kumpa Mfaransa mmoja heshima yote ni kuwapunja wenyeji.

Giulia hapungukiwi na kitu kwa hilo. Mvinyo huu ulipata jina kutoka kijiji cha Barolo, yalipokuwa mashamba yake, na alijitolea kwa moyo kuwahudumia wanawake waliofungwa magerezani Torino. Alipofariki mwaka 1864 bila mtoto, mali yake iliingia katika taasisi ya hisani aliyoiamuru katika wosia wake.

Miaka ya 1980 ubishi ulizuka upya, safari hii juu ya muda. Watengenezaji vijana walitaka Barolo inyweke mapema: wakapunguza siku za kuloweka maganda, wakaleta mapipa madogo ya mwaloni ya lita 225. Elio Altare, mmoja wao, aliyakatakata mapipa makubwa ya baba yake kwa msumeno wa mashine, na baba akamnyima urithi. Upande wa pili mtengenezaji Bartolo Mascarello hakutaka hata kuyasikia mapipa madogo. Alichora lebo za chupa zake kwa mkono, moja ikiyakataa mapipa hayo pamoja na mwanasiasa Silvio Berlusconi. Leo wengi wamerudi kwenye mapipa makubwa, na Mascarello alikuwa sahihi: mwaloni mpya hufunika harufu ya waridi.

Sheria nayo haina haraka. Barolo sharti ikae miezi 38, kati yake 18 ndani ya mbao. Ile ya daraja la Riserva miezi 62. Zabibu zilizochumwa Oktoba 2024 haziruhusiwi kuuzwa kwa jina la Barolo kabla ya tarehe 1 Januari 2028.