Sabufa: Kasha dogo lenye mngurumo mzito

Sabufa, ambayo wengi huiita wufa, ni spika iliyoundwa kutoa sauti nzito za besi, zenye mitetemo takriban 20 hadi 200 kwa sekunde. Spika ndogo zinazoandamana nayo hutoa sauti nyembamba.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako benga na ohangla hupendwa mno, chombo hiki kina nafasi yake. Gita la besi ni mhimili wa benga, muziki uliovumishwa na D.O. Misiani (aliyefariki 2006), mzaliwa wa eneo la Shirati nchini Tanzania, karibu na mpaka wa Migori.

Besi huhitaji kusukuma hewa nyingi. Ndiyo maana makasha mengi madogo huwa na tundu la kuipa sauti nguvu. Kuweka kasha pembeni mwa chumba huongeza mngurumo.

Hata hivyo, besi hupenya kuta kwa urahisi, na jirani hukosa usingizi. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 huruhusu desibeli 35 pekee usiku katika makazi. Anayejali ujirani mwema huondoa kasha ukutani na kupunguza besi giza liingiapo.