Piga-Vunjika
Kitabu changu cha kwanza cha Kichina kilisema kuna maneno mafupi yanayofuata kitenzi ili kuonyesha tendo limeishia wapi, na kwamba jina lake ni bǔyǔ. Bǔ ni kutia kiraka, kujazia palipopungua. Zhǎo ni kutafuta. Zhǎodào ni kutafuta ukapata. Kàn ni kutazama; kànjiàn ni kuona. Hapo Mswahili hababaiki, maana tangu utotoni anajua kwamba kusikiliza si kusikia. Kilichonisumbua ni dǎpò, “piga-vunjika”, na dǎsǐ, “piga-fa”. Kwa nini vitenzi viwili, wakati sisi tunasema “vunja” na “ua” tukamaliza?

Jibu linaanzia mbali. Katika karne ya 6 aliishi Yan Zhitui, ofisa aliyetumikia dola kadhaa na kuziona zikianguka moja baada ya nyingine, kisha akawaandikia wanawe kitabu cha mawaidha. Katika sura ya matamshi anasimulia kwamba wasomi wa kusini, wanaposoma Zuozhuan, ile historia ya kale iliyojaa vita, hutamka neno bài kwa namna mbili: moja jeshi likishindwa lenyewe, nyingine likiwashinda wengine. Yan hakupendezwa. Aliona wanabuni kanuni isiyokuwepo.

Nadhani aliwaonea. Msomaji wa Kiswahili anatambua mara moja kinachosemwa: ni vunja na vunjika. Wataalamu kadhaa wa historia ya Kichina, Mei Tsu-lin akiwa mmojawapo, wanaeleza kwamba lugha hiyo hapo kale iliweza kugeuza konsonanti ya mwanzo ya neno ili kutofautisha mtenda na mtendwa. Sisi tunabadili mkia wa kitenzi. Wao walibadili kichwa. Sauti hizo zilipofifia, bài ikabaki bài, na msikilizaji hakujua tena nani kamshinda nani. Ndipo kitenzi cha pili kikawa na kazi.

Kinachonifurahisha zaidi kimo katika maelezo ya Yan mwenyewe. Alipotaka kufafanua ile maana ya kuwashinda wengine, bài peke yake haikumtosha, akaandika dǎpò. Anayekanusha tofauti ya zamani tayari anaongea kwa muundo uliochukua nafasi yake.

Tarehe kamili ya mabadiliko hayo bado inabishaniwa. Mwaka 1958 Ōta Tatsuo, msomi wa Japani, alipendekeza kipimo rahisi, na cha kutisha kidogo: kifo. Shā ni kuua, sǐ ni kufa. Zamani aliyempiga mtu mpaka roho ikamtoka “alimpiga-ua”. Ukikuta maandishi yanayosema “alimpiga-fa”, huku aliyekufa akiwa ndiye aliyepigwa, ujue muundo mpya umekwisha kukomaa. Ōta aliukuta katika enzi ya Tang. Wengine wanaurudisha nyuma hadi karne ya 5 au ya 6, na Wang Li aliurudisha hadi enzi ya Han.

Wanasarufi walichelewa kuuona. Ma Jianzhong, aliyesoma Ufaransa na kukijua Kilatini, alitoa sarufi yake mwaka 1898, lakini mifano yake ilikomea kwa Han Yu wa enzi ya Tang, maandishi ya mtindo wa kale. Kichina cha sokoni hakikumo. Wang Li aliupa muundo huu jina lake mwenyewe katika kitabu cha mwaka 1943. Jina bǔyǔ ndilo lililobaki darasani, ingawa kwangu lina kasoro: kiraka hutiwa juu ya nguo iliyokuwa nzima, na hapa palikuwa na nguo mbili.

Mshono wake haujaziba. Katikati ya zhǎo na dào unaweza kuchomeka bu, “si”, ukapata zhǎobudào: natafuta, sipati.