Watawa wa Kihindu na Kundi Lao Ng'ambo ya Bahari

Kila mtu wa Kalinzi anaijua njia ya kushukia Kigoma na Ujiji, na kila aliyeshuka huko amesikia habari za maduka ya Wahindi. Tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, wazee wetu walinunua kwao nguo, majembe na mafuta ya taa. Bei zao tulizijua sana. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuuliza: Watu hawa humwomba nani, na ni nani awaongozaye katika sala? Twaona si vema kukaa na jirani miaka mingi hivi, tukajua mizani yake tu, tusijue moyo wake.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi, awe wa dini yo yote. Wako Wahindi Waislamu, wako Masingasinga, na wako Wakristo waliotoka Goa. Mhindu ni yule afuataye dini ya Kihindu, ambaye wazee wetu walimwita Banyani. Na Wahindu nao wana madhehebu mengi. Leo twaeleza habari za dhehebu moja tu, la Swaminarayan, kwa kuwa lina watawa na wakuu wao, na kwa kuwa sehemu kubwa ya historia yake imepita katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

Mwanzilishi wake alizaliwa mwaka 1781 katika kijiji cha Chhapaiya, kaskazini ya Bara Hindi. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 aliondoka nyumbani, akazunguka nchi kwa miguu muda wa miaka saba, akitafuta mahali pa kumjua Mungu. Mwaka 1799 akafika Loj, katika nchi ya Gujarat, akapokewa na watawa waliokuwa chini ya mkuu mmoja aitwaye Ramanand Swami. Mkuu huyo akamwona kijana kuwa na akili na utii, na mwaka 1801 akamkabidhi kundi lote, naye hajatimiza hata miaka 21. Jina lake la utawa lilikuwa Sahajanand Swami, lakini watu walimwita Swaminarayan. Wafuasi wake humwabudu kuwa ni Mungu aliyejidhihirisha. Sisi Wakristo hatukubaliani nao katika neno hilo. Hata hivyo matendo yake twaweza kuyasimulia kwa haki.

Siku zile Gujarat ilikuwa nchi ya taabu, yenye vita, wanyang'anyi na njaa. Swaminarayan aliwatuma watawa wake kugawa chakula na kuchimba visima. Alikataza kuwaua watoto wachanga wa kike, desturi iliyokuwa ya jamaa wengine kwa kuogopa gharama za kuwaoza. Alikataza pia mjane kuchomwa moto pamoja na maiti ya mumewe. Mwaka 1822 alifungua hekalu lake la kwanza katika mji wa Ahmedabad, na mwaka 1826 akaandika kitabu cha maagizo chenye beti 212, kiitwacho Shikshapatri. Akafariki mwaka 1830.

Watawa wake hufunga nadhiri tano. Ya kwanza ni useja. Ya pili ni ufukara, hata mtawa hagusi fedha kwa mkono wake. Ya tatu ni kutotawaliwa na ladha ya chakula, na kwa ajili hiyo huchanganya vyakula vyote katika bakuli moja la mti, wakatia maji, ndipo wale. Ya nne ni kuachana na jamaa zake wa damu, na ya tano ni unyenyekevu. Huvaa nguo za rangi ya udongo mwekundu, wala hawasafiri mtu peke yake, bali wawili au zaidi. Msomaji aliyepata kusikia habari za Mtakatifu Benedikto au Mtakatifu Fransisko ataona kwamba mambo haya si mageni kabisa kwake.

Basi, Swaminarayan alipoona siku zake zinakwisha, aliligawa kundi kuwa majimbo mawili, la Ahmedabad na la Vadtal, akawaweka wana wa ndugu zake kuwa wakuu, nao wakarithiwa na uzao wao. Lakini baada ya miaka likatokea shindano. Wengine walisema uongozi wa roho haurithiwi kwa damu kama shamba, bali hupita kwa watawa watakatifu, wa kwanza wao akiwa Gunatitanand Swami, aliyekuwa mkuu wa hekalu la Junagadh. Mtawa mmoja, Shastriji Maharaj, aliyezaliwa mwaka 1865, alishika neno hilo kwa nguvu. Mwaka 1905 akatoka Vadtal pamoja na watawa wachache mno, hawana nyumba wala fedha. Mwaka 1907 akafungua hekalu katika kijiji cha Bochasan, na tawi lake likapewa jina la kijiji hicho. Wale wa majimbo ya zamani nao wangalipo hata leo, na Afrika Mashariki wana mahekalu yao. Sisi hatusimami kuwa waamuzi baina yao.

Sasa twafika kwetu. Bochasan na Vadtal ziko katika wilaya iitwayo Charotar. Reli ya kutoka Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na kufika Kisumu mwaka 1901, ilifungua njia ya biashara na ya kazi za ofisi. Vijana wengi wa Charotar wakavuka bahari wakawa makarani, mabwana stesheni na wenye maduka. Miongoni mwao walikuwamo wafuasi wa Shastriji Maharaj. Lakini mtawa hakuja hata mmoja, kwa maana kwa desturi ya kale Wahindu wengi, na watawa zaidi, waliona kuvuka bahari kuwa ni kujitia unajisi. Kundi likawa upande huu, wachungaji upande ule, na bahari katikati.

Je, walifanyaje? Hawakungoja. Walikusanyika nyumbani mwa mmoja wao kila juma, wakasoma maneno ya mwalimu wao na kuimba. Waliandika barua Gujarat, na majibu yalipofika kwa meli yalisomwa mbele ya wote. Mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, wakafungua hekalu Nairobi. Lilikuwa jengo la mabati tu, lililogeuzwa kuwa nyumba ya ibada. Shastriji Maharaj hakuliona kwa macho yake. Alifariki mwaka 1951.

Mrithi wake, Yogiji Maharaj, aliyezaliwa mwaka 1892, ndiye aliyevuka bahari. Mwaka 1955, akiwa mzee, alifika na watawa wenzake, akabariki hekalu la Mombasa. Akarudi mwaka 1960 na kufungua mahekalu ya Kampala, Jinja na Tororo, na mara ya tatu mwaka 1970. Hebu tufikiri: watu waliokuwa wameomba miaka mingi bila kumwona mtawa, sasa wanamwona mkuu wao mwenyewe akiingia mlangoni. Naye hakukuta kundi lililotawanyika, alikuta wanaomba.

Baada yake, mwaka 1971, akafuata Pramukh Swami. Yasimuliwa kwamba mwaka 1950, alipofanywa mkubwa wa shirika akiwa na miaka 28, jioni ya siku ile ile alionekana akiosha vyombo vya karamu. Ilimpasa kuchunga kundi lililohama tena. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Wengi wakaenda Uingereza, ambako Yogiji Maharaj alikuwa amekwisha fungua hekalu London mwaka 1970, katika jengo lililokuwa kanisa. Watu waliozoea kuomba chini ya mabati walijua kuanza upya. Mwaka 1995 likafunguliwa Neasden, London, hekalu la mawe yaliyochongwa Bara Hindi, vipande zaidi ya 26,000. Na mwaka 1999 Nairobi nayo ikapata hekalu la mawe. Pramukh Swami alifariki mwaka 2016, na mahali pake akashika Mahant Swami, mmoja wa vijana 51 wasomi ambao Yogiji Maharaj aliwafanya watawa mwaka 1961.

Ndugu zetu, hatukuandika haya ili mtu aiache njia yake. Tumeyaandika kwa sababu yatuhusu. Katika vijiji vyetu vya milimani ziko nyumba za sala ambazo padre au mchungaji huzifikia mara chache kwa mwaka, na masika yakiharibu njia hafiki kabisa. Mara ngapi tumesikia mtu akisema, "Akija padre tutasali"? Na mara ngapi mwalimu wa dini amepiga kengele Jumapili, wakaja wazee wawili na watoto?

Wale makarani wa reli hawakuwa na mtawa, wala hawakujua kama atakuja siku yo yote. Walikuwa na kitabu, na nyimbo, na siku moja katika juma waliyoiheshimu. Wachungaji wao walifanya kazi kubwa, nasi tumewataja kwa majina na miaka yao. Lakini kama wale wasio na majina wasingalikutana kila juma, Yogiji Maharaj angalishuka bandarini mwaka 1955 asimkute mtu wa kumbariki.

Jumapili ijayo kengele italia tena. Sisi tunacho kitabu, tena katika lugha tunayoifahamu.